Jembe la Siku ya Tatu

Msomaji, kama umepata kupita Tuala, katika Kajiado, kusini ya mbuga ya wanyama ya Nairobi, umeona mahali ambapo swali la "Kwenu ni wapi?" halimkasirishi mtu. Mmaasai ambaye babu yake alichunga hapo kabla ya nyumba ya kwanza ya mawe kujengwa huulizwa, akajibu. Mkamba mwenye duka huulizwa, akajibu. Mkikuyu, Mluo, Mkisii na Msomali hujibu vivyo hivyo, kila mmoja akitaja kilima au mto wa mbali. Na wote hawa, wakiisha kujibu, waweza kutia mkono mfukoni na kutoa kadi ndogo ambayo katika nchi yetu yaitwa kipande.

Wewe unayesoma maneno haya huenda una umri wa miaka kumi na sita au kumi na saba. Ukitimiza kumi na minane utakwenda kuandikishwa, utatoa alama za vidole vyako, utarudi nyumbani na karatasi ya kungojea, na baada ya muda kipande kitafika. Utakitia mfukoni na kukisahau, kama mtu asahauvyo pumzi yake. Mimi nataka usikisahau kwa nusu saa hii tu. Nataka tumfikiri pamoja mtu ambaye alizaliwa katika nchi hii kama wewe, akatambaa katika vumbi lake kama wewe, akafika miaka kumi na minane, thelathini, hamsini, na kipande hakikuja. Je, kosa lake ni nini? Na sisi tulio na vipande twawiwa nini naye?

Mtu huyo namjua. Ni seremala, na karakana yake ilikuwa chini ya mabati manne kando ya barabara ya Tuala, mahali ambapo majengo mapya yalimpa kazi ya milango na madirisha. Wazazi wake walikuwa Washona. Walikuja Kenya kutoka nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, pamoja na wenzao waliokuja kueneza dini yao tangu miaka ya 1950 na 1960, wakakaa hasa upande wa Kiambu. Walikuwa watu wa useremala na wa kusuka vikapu. Serikali ya kikoloni ilipokuwapo hawakuulizwa sana, kwa sababu huku na kule palikuwa chini ya taji moja. Taji lilipoondoka, wao walibaki katikati: nchi waliyotoka haikuwa na habari zao, na nchi waliyokaa haikuwaandika.

Seremala huyu alizaliwa hapa. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa, deni lake dukani lilikuwa la hapa, na alipotukana, Mungu amsamehe, alitukana kwa matusi ya hapa. Lakini hakuweza kununua laini ya simu kwa jina lake, wala kufungua akiba benki, wala kuandikisha ndoa yake, wala kupiga kura. Simu yake iliandikwa kwa jina la mtu mwingine. Fedha za kazi yake zilipitia M-Pesa ya mtu mwingine. Siku moja mwenye jina alizichukua fedha za milango sita, akasema hazikuja. Seremala hakwenda kushitaki. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu hivi: "Mwalimu, mimi nipo, ila sijaandikwa. Nikienda kituoni swali la kwanza litakuwa juu yangu, si juu ya mwizi." Alisema maneno hayo huku anapima ubao, na hakuinua uso.

Yafaa tutenganishe watu wawili ambao mara nyingi huchanganywa. Mkimbizi ni mtu aliyeikimbia nchi yake kwa kuhofia mateso au vita. Mkataba wa kumlinda uliandikwa Geneva mwaka 1951, na nchi za Afrika ziliandika wa kwao mwaka 1969 ambao ulipanua maana ya ukimbizi ili kumwingiza na yule aliyekimbia vita na machafuko. Kenya ina sheria yake mpya ya wakimbizi, ya mwaka 2021. Mtu asiye na uraia ni mwingine. Huenda hajakimbia kitu chochote. Huenda amelala kijiji kimoja maisha yake yote. Ila hakuna nchi hata moja duniani inayosema, "Huyu ni wangu." Mkataba wake uliandikwa mwaka 1954, na mwingine wa kupunguza hali hiyo mwaka 1961. Mkimbizi ana hadithi ya mahali alipotoka, huyu wa pili ukimwambia arudi kwao, atakuuliza kwa haki kabisa, "Wapi?"

Tena wapo wanaobeba mizigo yote miwili kwa pamoja. Katika miaka ya njaa na ukame kaskazini mashariki mwa Kenya, kambi za Dadaab, ambazo zilianzishwa mwaka 1991, zilikuwa na chakula na shule kuliko vijiji vilivyozizunguka. Wakenya maskini wa huko walijiandikisha kama wakimbizi ili watoto wao wale. Watoto wale walipofika umri wa kipande, alama za vidole vyao zilikutwa katika daftari la wakimbizi, wakaambiwa kwamba wao si Wakenya. Hebu fikiri: mtoto aliwekwa kidole kwenye karatasi kwa sababu ya kibaba cha unga, na kidole kile kile kikamnyima nchi.

Nimelitumia neno kipande mara nyingi, nalo lina historia ambayo vijana wengi hawaijui. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, nayo ilitiwa katika kikasha cha chuma kilichotundikwa shingoni. Wazee walikichukia kikasha kile, wakasema kwamba kinawafanya mfano wa mbuzi mwenye kengele. Walikipigania kiondoke, na kikaondoka mwishoni mwa miaka ya 1940. Jina lake lilibaki. Babu alilia kwa kuvikwa kipande, na leo yuko mjukuu wa mtu mwingine anayelia kwa kunyimwa. Sioni kwamba wawili hawa wamegombana. Babu alipewa karatasi iliyosema, "Huyu ni mali ya mwajiri fulani", mjukuu anaomba karatasi itakayosema, "Huyu ni mwenzetu."

Labda msomaji mmoja wa Kajiado anasema moyoni mwake kwamba mambo haya ni ya wageni, hayamhusu mwenye nchi. Basi na asikilize kesi moja. Mwaka 1904 Wamaasai walitia mkataba na Waingereza wakaondolewa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Waliahidiwa kwamba sehemu hizo mbili zitakuwa zao daima. Miaka saba tu ikapita, na mwaka 1911 wale wa Laikipia wakatakiwa kuhamia kusini pia, katika nchi ambayo leo ni Kajiado na Narok. Baadhi yao, mmojawapo akiwa Ole Njogo, walikwenda mahakamani mwaka 1913. Mahakama haikusema kwamba ahadi haikuvunjwa. Ilisema kwamba Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, ila ni taifa geni lililo chini ya ulinzi wake. Kwamba mkataba wao ulikuwa kama mkataba wa dola na dola. Na kwamba, kwa hiyo, mahakama haina uwezo wa kuwasikiliza. Nakuomba ulipime jambo hili. Watu walisimama juu ya ardhi yao wenyewe, mbele ya mahakama iliyokuja kwa meli, wakaambiwa kwamba wao ndio wageni.

Kwa hiyo ugeni si rangi wala si umbali. Ugeni ni jina ambalo mwenye kalamu humpa asiye na kalamu.

Sasa tuliendee swali lenyewe. Ni nini kinachomfanya mtu awe wa mahali? Wengine husema damu: wewe ni wa baba yako na mama yako. Wengine husema ardhi: wewe ni wa mahali kitovu chako kilipozikwa. Wengine husema matendo: wewe ni wa mahali ulipotoa jasho. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, sheria yake ilichanganya mawili ya kwanza. Aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja akawa amezaliwa Kenya pia, alikuwa raia bila kuomba. Aliyezaliwa hapa kwa wazazi waliozaliwa kwingine alipewa miaka miwili aende kujiandikisha. Miaka miwili yaonekana mingi kwa mtu mwenye redio na wakili. Kwa mkata mkonge wa Kwale ilipita kama alasiri.

Katiba ya mwaka 2010 yafuata damu zaidi. Mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama ni raia, kokote atakakozaliwa. Hili ni jema, na lilimwinua mama, ambaye zamani hakuweza kumpa uraia wake mtoto aliyezaliwa nje ya nchi. Lakini katika kifungu cha kumi na nne cha Katiba hiyo hiyo mna jambo la kushangaza na kufurahisha. Yasema kwamba mtoto akikutwa katika Kenya, akionekana hajatimiza miaka minane, na wazazi wake na uraia wao haujulikani, atahesabiwa kuwa raia wa kuzaliwa. Mtoto aliyetupwa mlangoni, asiye na jina, asiye na ukoo, Kenya humchukua na kusema ni wangu, wala haimwulizi damu yake. Naipenda nchi yangu kwa kifungu hicho.

Lakini mweke mtoto huyo kando ya mtoto wa seremala wangu wa miaka ile, ambaye mama yake pia hakuwa na kipande. Baba yake ajulikana, mama yake ajulikana, babu yake amezikwa Kiambu na kaburi lajulikana. Kwa sababu wanajulikana, na kwa sababu hawakuandikwa, mtoto huyu si raia. Yule aliyetupwa ana nchi, na huyu aliyelelewa hana. Maana yake ni kwamba lau baba huyu angelimwacha mtoto wake kando ya njia usiku, angelimpa haki ambayo hakuweza kumpa kwa kumlea. Sheria yoyote ikifika mahali ambapo upendo wa mzazi unamdhuru mtoto na utupu wake ungalimfaa, sheria hiyo ina jicho moja limefumba, hata ikiwa imeandikwa na watu wema. Na hawa walikuwa watu wema, kwani kifungu cha hamsini na tatu cha Katiba ile ile chasema kwamba kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, wala si hoja ya kudharauliwa. Mzee mmoja wa Tuala, mtu wa heshima, aliniambia hivi: "Mwalimu, boma lisilo na mlango si boma. Ukimfungulia kila apigaye hodi, usiku hutajua aliye mwana na aliye fisi." Akaendelea kuniambia kwamba ardhi ni ndogo, shule zimejaa, na nchi imepata kuumizwa na watu waliopita mipaka kwa siri. Yote ni kweli. Uraia si njugu za kugawiwa wapita njia, na nchi ina haki ya kuuliza na kuchagua. Mimi sibishani na mzee juu ya mlango. Nabishana naye juu ya mtu ambaye tayari yumo ndani ya boma, alizaliwa humo, akakamua humo, akalala humo miaka sitini, na kila jioni anahesabiwa kuwa yuko nje. Kumwacha hivyo hakuliongezei boma usalama. Mtu asiyeandikwa ndiye asiyejulikana, na mwenye nia mbaya hujificha katika wasiojulikana.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twaipenda methali hii, na twaitumia kumsuta mvivu. Lakini nadhani tumeisoma nusu. Twaona amri kwa mgeni: alime. Hatuoni amri kwa mwenyeji. Anayempa mtu jembe lazima amwonyeshe na shamba. Na aliyelima ana neno katika mavuno. Na mwenye neno katika mavuno hawezi tena kuitwa mgeni. Methali ilitaka ugeni uishe. Iliuwekea siku tatu. Sisi tumechukua jembe tukampa mtu, tukala mavuno yake miaka themanini, na tukaacha siku ya tatu isiishe.

Hao wa miaka themanini si mfano wa kubuni. Wamakonde walivuka kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, wakachonga vinyago ambavyo watalii walivinunua kama ukumbusho wa Kenya. Kinyago kilikuwa Mkenya, mchongaji hakuwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016, mamia yao walianza safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi. Tarehe 13 ya mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaamuru wapewe vitambulisho, na mwanzoni mwa mwaka 2017 walianza kuvipokea na kuhesabiwa kuwa kabila la arubaini na tatu. Baada yao wakaja Washona, ambao zaidi ya 1,600 walipewa vyeti vya uraia mwezi wa Julai mwaka 2021. Na Wapemba wa pwani, waliotambuliwa mwaka 2023. Wanubi, ambao babu zao waliletwa kutoka Sudani kama askari wa Waingereza wakakaa Kibera, walikuwa wamepeleka shauri la watoto wao mbele ya kamati ya Afrika ya haki za mtoto, nayo mwaka 2011 iliamua kwamba watoto hao walidhulumiwa.

Kabla ya mwaka 2016 wako Wamakonde waliochoka kungoja. Walikwenda kuandikishwa wakasema kwamba wao ni Wadigo, wakataja majina ya Kidigo, wakapata vipande. Wengine walikataa kusema hivyo, wakakaa bila kitu. Nimelitia swali hili darasani mara nyingi, nalo huligawa darasa kama panga ligawavyo muwa: je, wale waliosema uongo walikosa? Vijana wengi hujibu upesi kwamba hawakukosa. Mimi sijibu upesi. Uongo huo ulikuwa na gharama. Mtoto aliyefundishwa na mzazi wake kulificha jina la kabila lake mbele ya karani, alifundishwa pia kwamba jina hilo ni aibu. Na bado siwezi kumhukumu mzazi yule. Serikali ikiufunga mlango wa kweli na kuuacha wazi mlango wa uongo, imegawana dhambi na anayepita. Aliyenigusa zaidi, hata hivyo, ni yule wa tatu ambaye hakuna amsemaye: Mmakonde aliyekataa kuwa Mdigo. Huyo alilipa miaka yake kwa jina lake. Mwenzake alipiga kura, yeye akatazama. Sijui kama mimi ningaliweza.

Wala usidhani kwamba nchi tajiri zimeumaliza ugonjwa huu. Wahindi wengi wa Kenya waliochagua kubaki na pasi za Uingereza wakati wa uhuru waliamini kwamba pasi ni ahadi. Mwaka 1968, walipoanza kwenda kwa wingi, Bunge la London lilitunga sheria kwa siku chache tu, kwamba mwenye pasi hiyo hataingia kwa uhuru isipokuwa yeye, mzazi wake au babu yake ana asili ya Uingereza. Basi walikuwa na karatasi nzuri yenye nembo ya simba, na nyuma ya karatasi hapakuwa na mlango. Uingereza hiyo hiyo, mwaka 2013, iliweka utaratibu wa kisheria wa kumtambua mtu asiye na uraia na kumpa ruhusa ya kukaa. Nchi, kama mtu, huweza kufanya haya na yale.

Karibu na kwetu pana mfano ambao ningependa vijana waujue kuliko huo. Tanzania ilianza mapema miaka ya 1980 kuwapa uraia maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Kisha mwaka 2010 Tanzania ikawakubali kuwa raia zaidi ya watu 160,000, waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 na watoto wao, ambao walikuwa wakilima Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Vyeti vilichelewa miaka kadhaa, na siwezi kuliita jambo lile kamilifu. Lakini nchi ile haikuwa tajiri. Iliwapa watu jembe, ikaliona shamba, ikaihesabu siku ya tatu.

Seremala wangu alikuwa mmoja wa wale wa mwaka 2021. Alipopata cheti, na baadaye kipande, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kununua laini ya simu. Alinipigia, ingawa karakana yake na nyumba yangu zilitazamana. Nikamwona amesimama pale chini ya mabati na simu sikioni, akinitajia jina lake lote, la kwanza, la pili na la ukoo, kama mtu ambaye hatujawahi kuonana.

Majuma machache baadaye nilimpelekea kiti kilichovunjika mguu. Akakigeuza, akakitazama, kisha akaniuliza jambo ambalo naona alikuwa nalo kwa siku nyingi. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia cheti. Alitaka kujua kama sheria ina njia ya kumwandikisha mtu aliyekwisha kufa, ili jina lake lionekane mahali. Nilimwambia kwamba haina. Akatikisa kichwa, akachukua randa, akaendelea na mlango wa mtu.